Nafasi Moja Kando ya Reg

Saa tatu asubuhi Beryl Scutt alifungua kanisa, kama alivyolifungua kila siku kwa miaka ishirini na sita, na kama kila siku ufunguo ulikaidi mpaka alipousukuma mlango kwa bega. Bega lenyewe lilikuwa limechoka, na magoti yalikuwa hayasemeki. Hata ule mlango wa mti mgumu, uliopitisha maharusi na maiti wa kijiji cha Marlbury Parva tangu enzi za wafalme ambao hakuna anayewakumbuka, ulilia kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake.

Ilikuwa Februari, maua meupe yametoka chini ya mawe ya makaburi, na wageni wa Februari, wanaokuja kuyatazama, ni wasumbufu kuliko wote. Hupiga picha, husoma ubao wenye majina ya makasisi, wa kwanza Hugo wa mwaka 1241, kisha huuliza choo kiko wapi. Choo hakuna. Hakijawahi kuwapo kwa karibu miaka mia nane, na Beryl alikuwa amechoka kuomba radhi kwa niaba ya karne zote hizo.

Alitoka nje kumwekea mumewe maua. Mgeni mmoja, mama mwenye kofia ya sufu, alimfuata, akalisoma jiwe la kaburi.

"Huyu Reg ni wako?"

"Mume wangu. Mwaka wa nne huu."

"Na hapa kando yake, pako wazi?"

"Hapo bado," alisema Beryl.

Hapo bado ndipo ilipokuwa roho yake. Chini ya Reg kuna mwamba, kaburi halikuchimbika la watu wawili, mmoja juu ya mwingine. Na pale kijijini maiti hulala kwa mstari: anayekufa sasa hulala kando ya aliyekufa kabla yake, awe rafiki au hasimu. Beryl alipomwomba Kasisi Philippa amwekee ile nafasi, Philippa, mwenye makanisa saba na usingizi wa saa tano tu kwa usiku, alimshika mkono akamwambia kwamba parokia iliacha zamani kuweka nafasi, maana ilileta ugomvi mkubwa. Basi anayefuata kufa ndiye atakayelala kando ya Reg. Vijana wa kijiji hawakumtia wasiwasi, wote wamejiandikia wakifa wachomwe mjini, wasizikwe. Waliobaki wa kuzikwa walikuwa wawili tu: yeye, wa miaka sabini na tisa, na Wilf Tranter wa juu mlimani, wa miaka themanini na sita, mwenye kifua kinachopiga filimbi.

Ndipo Beryl alipoanza kumpelekea Wilf supu. Kila siku, adhuhuri, mvua isimame au inyeshe. Alimfunga skafu, alimfokea kuhusu dawa, alimfungia dirisha. Kijiji kikamwita malaika. Malaika gani! Alikuwa anamlinda Wilf asife kabla yake, basi. Alijua ni dhambi ya namna fulani, ila hakuipatia jina, na alikuwa amechoka mno kuitafuta.

Siku hiyo, kabla hajachukua chupa ya supu, gari la jirani lilisimama langoni. Akashuka Wilf mwenyewe, anakokota kile kifaa chake cha kutembelea, cha magurudumu manne, kati ya makaburi.

"We mzee una wazimu? Baridi hii!"

"Usinifokee kwenye nyumba ya Mungu, bibie."

"Hapa ni nje."

"Basi fokea." Akavuta pumzi mara tatu, akatoa karatasi kwenye koti. "Soma."

Ilikuwa barua yake kwa kasisi, na sahihi ya Philippa chini. Wilf Tranter achomwe, majivu yake yazikwe chini ya ule mti mkongwe wa langoni. Asipewe nafasi kwenye mstari. Beryl akaiangalia tarehe. Ilikuwa ya miaka mitatu iliyopita, wiki ileile ya supu ya kwanza.

"Ulijua," alisema.

"Toka bakuli la pili. Hakuna mtu anayenipenda kiasi kile, Beryl. Hata marehemu mke wangu hakuwahi kunifunga skafu."

Beryl aliketi kwenye jiwe la mtu ambaye jina lake mvua ilishalifuta. Hasira zilimpanda mpaka masikioni. "Miaka mitatu, Wilf! Mlima ule! Kwa magoti haya!"

"Ningekwambia, ungekuja?"

Alitaka kusema ndiyo. Lakini alikuwa amekaa mbele ya Reg, na Reg hakuwahi kudanganywa.

"Nisingekuja."

"Haya. Mimi nilikuwa na supu, na mtu wa kugombana naye." Wilf akakohoa, akajifuta. "Ila juzi nilikuona kutoka dirishani kwangu. Umesimama katikati ya mlima, umeshika ukuta, hupandi wala hushuki. Nikasema, huyu atajiua kwa kunihangaikia mimi, na nafasi anayo mwenyewe siku zote."

Nyuma yao mama mwenye kofia aliuliza kwa adabu choo kiko wapi.

Beryl aliitazama ile nafasi kando ya Reg, majani yake mafupi na maua machache yaliyojiotea yenyewe. Alilia kidogo, bila sauti. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne hakuwa na haraka ya kufa. Alikuwa amechoka tu, kama mtu yeyote.

"Kesho siji," alisema.

"Najua." Wilf alianza kukigeuza kile kifaa chake, gurudumu moja likakwama kwenye tope.

"Nimesema siji. Sikusema hakuna supu." Akainuka, akalichomoa gurudumu kwa mguu. "Aliyekuleta leo akulete na kesho. Kwangu hakuna mlima. Saa sita, na ukichelewa nakula peke yangu."