Nilimwambia hakuna atakayejua

Admin, jina langu lifiche, hapa mjini tunafahamiana. Nina miaka 29, naishi Ibighi, Tukuyu, nalea mtoto peke yangu. Mwanzoni mwa mwaka huu nilipata kibarua cha kuuliza wagonjwa kama wameridhika na huduma, katika hospitali moja huku Rungwe. Wengine walijaza fomu za karatasi, wengine niliwauliza kwa kishikwambi, ili ionekane njia ipi inaleta ukweli.

Fomu zilitumbukizwa kwenye boksi lililokaa mezani kwa sista kiongozi wa wodi ya wazazi. Zote zilisema "nimeridhika sana". Wa kishikwambi nilikaa nao pembeni. Ndipo nikakutana na mama mmoja wa Matwebe, anamuuguza binti yake aliyejifungua kwa upasuaji. Akanishika mkono.

"Mwanangu, nikisema, hawatajua ni mimi?"

"Mama, hakuna atakayejua."

Akasema yote. Sista alimpiga binti yake makofi akiwa kwenye uchungu, akamwita mchafu.

Kesho yake majibu ya kishikwambi yalisomwa ofisini bila majina, sista akaniita. "Karatasi zote safi. Kwenye hicho kidude chako nani kanichafua? Ukimficha, mkataba wako umeisha leo."

Nikamtaja. Hata dakika mbili sikubanwa.

Wiki iliyofuata binti alirudishwa na homa kali, kidonda kinatoa usaha. Sista akawatazama, akacheka. "Si ninyi hamkuridhika? Kaeni pale kwenye benchi mpaka mridhike." Walikaa kuanzia asubuhi mpaka saa nane mchana. Mama alikuwa ananitazama mimi tu. Nikainamia kishikwambi, nikajifanya napanga majibu. Daktari alipopita akamwona, binti alikuwa hajitambui. Jioni ile akafariki.

Ripoti ilisema karatasi ndiyo njia bora, wagonjwa wameizoea. Mkataba wangu ukaongezwa.

Sasa yule mama analea mjukuu. Anadhani sista alitusikia mwenyewe siku ile. Kila akija sokoni hupita kwangu na ndizi. "Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana. Pale hospitali ni wewe peke yako uliyetusikiliza." Juzi kaniomba niwe mama wa ubatizo wa yule mtoto. Nikaitikia. Ubatizo ni Jumapili hii, gauni la mtoto ameshashona.

Ndugu zangu, nimwambie kabla ya Jumapili, au nimbebe mtoto kanisani nikae kimya? Nitukaneni mkitaka, ila mniambie la kufanya.