Firigisi ya Pasta na Vijiwe Vyangu vya Samaki

Hii habari nimeificha sana kwa sababu aibu yake bado ni mbichi, lakini wacha niseme tu: mimi, binti wa mzee wa kanisa, nimewahi kumnyang'anya pasta nyama mdomoni mbele ya washirika wote, nyumbani kwetu Migwani, nikaichana kwa vidole nikitafuta mawe.

Msinicheke kabla sijaeleza. Nilikuwa nasomea digrii ya pili, na utafiti wangu ulikuwa wa kujua umri wa samaki. Samaki ana vijiwe vyeupe kichwani, ndani ya masikio (ndiyo, ana masikio, tutafika hapo), vinavyokua naye maisha yake yote, na msimu wa mvua vinanyonya madini tofauti na ya kiangazi, kwa hivyo ukivipeleka kwa mashine unahesabu misimu aliyoishi. Lakini vina maringo kama bibi harusi: usiviguse na chuma, usivichafue, usivikaribishe kwa chumvi. Mimi nilikuwa na ishirini na vinne, kutoka kwa tilapia wa mwisho wa silanga letu, lile bwawa la kijiji, ambalo kiangazi kilikuwa kimelikausha kabisa. Mashine nilikuwa nimepangiwa Jumatano. Nikivipoteza, hakuna samaki wengine na hakuna digrii.

Basi Jumamosi, badala ya kuviacha vikauke polepole chumbani, nikaona nivianike juani kwa kisahani cha plastiki, dakika kumi tu, nioge haraka kwa sababu ibada ilikuwa kwetu siku hiyo. Kisahani nikakiweka mkekani, kando ya ungo wa ndengu. Huo uamuzi ulikuwa wangu peke yangu, hata Shetani hakunisaidia.

Nilipotoka bafuni wageni walikuwa wamefika, nikavutwa kwenye nyimbo, nyimbo zikazaa ushuhuda, ushuhuda ukazaa mahubiri, na nilipokuja kukumbuka, chakula kilikuwa kinapakuliwa na kisahani changu kilikuwa mezani kimejaa chumvi. Nikamkimbilia shangazi Kalekye, aliyekuwa amechambua ndengu asubuhi, nikamuuliza vijiwe viko wapi.

"Yale mawe ya ndengu? Niliwatupia kuku," akasema.

(Alidhani mama alianza kuchambua ndengu kabla yake, akayatoa akasahau kuyamwaga. Na kuku anapenda kajiwe, kanamsaidia kusaga chakula kwenye firigisi.) Nikauliza kuku gani. Shangazi akanyoosha midomo kuelekea sebuleni.

Kwetu firigisi haipewi mtu hivi hivi, ni ya mgeni wa heshima, na mgeni alikuwa pasta, ameshaitia mdomoni. Najua vizuri kwamba firigisi hupasuliwa na kuoshwa kabla ya kupikwa, nimeziosha tangu darasa la tatu, lakini akili ilikuwa imeniacha. Nilipita katikati ya wazee, nikasema, "Pasta, usimeze," nikaishika ikiwa bado katikati ya meno yake, nikavuta.

Ndani hakukuwa na kitu ila kipande cha kitunguu. Badala ya kuomba radhi nikakimbia hadi shimo la taka nyuma ya jikoni, nikapiga magoti na rinda langu jeupe, nikaanza kuchakura uchafu wa matumbo pamoja na kuku waliosalia. Washirika wakanifuata. Pasta, akipangusa midomo, akaniuliza kwa upole ninatafuta nini.

"Mawe ya masikio ya samaki," nikasema.

Pasta akainua mkono. "Tuombe," akasema, na mikono mingi ikanishukia kichwani.

Nilipata vijiwe saba, vimeliwa na tumbo la kuku hata havifai. Nililia kwa simu mpaka mwalimu wangu akaniambia ningoje mvua. Nikangoja. Silanga likajaa, samaki wachanga wakaletwa, wakamwagwa mbele ya kijiji kizima kwa maombi na hotuba, nikangoja tena wakue. Nimeapa sitaanika tena kitu bila kukaa kando yake, hata soksi.

Mwaka huu hatimaye nikafika kwa mashine. Nikarudi nyumbani nikiwa na furaha ya kupasuka, nikamwambia mama kwamba sayansi imethibitisha: samaki wa silanga wameishi misimu mitatu ya mvua, na kwetu mvua ni mara mbili kwa mwaka, yaani mwaka mmoja na nusu.

Mama aliendelea kumenya viazi. "Si ungetuuliza," akasema. "Tulikuwa pale wakimwagwa."