Baiskeli ya Baba Kwenye Mlima wa Mikindani

Nilimwonea binamu yangu wivu, na sitaki kulipamba neno hilo. Wengine husema walisikitika tu. Mimi nilikuwa na kijicho, tena kile cha kumkosesha mtu usingizi.

Baba alifariki akiwa na baiskeli moja nyeusi, aliyoinunua kwa korosho za misimu mitatu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiiosha na kuupaka mnyororo mafuta. Siku ya arobaini shekhe alisoma mafungu ya mirathi, wazee wakaitikia "Amina" vizuri kabisa, kisha wakafanya ya kwao. Kwetu sisi mali ya mjomba humfuata mpwa. Basi baiskeli ikatolewa ndani, ikakabidhiwa mtoto wa shangazi, na mimi, mtoto wa kumzaa, nikaambiwa niishike wakati yeye anapanda. Nikaishika!

Mtoto wa shangazi yako ni mtani wako. Ana ruhusa ya kukusema apendavyo, nawe huna ruhusa ya kununa. Kila alipopita mbele ya nyumba yetu Mikindani alipiga kengele. "Mtani, usilie! Siku ya Idd nitakupakia kwenye keria ukale pilau kwa watu." Majirani wakacheka, nami nikacheka nao, meno nje, roho inaungua.

Wakati ule bandari ya Mtwara ilikuwa inajengwa. Nikapata kibarua cha kupakia mawe, na baada ya muda nikajinunulia baiskeli kuukuu, breki zake nyayo zangu. Idd ilipofika, vijana wa kibaruani wakaandaa mashindano: kutoka sokoni Mikindani, chini kule, mpaka juu kabisa ya mlima. Zawadi ilikuwa beberu. Beberu wa nini? Nilitaka watu waone mtoto wa marehemu ni nani.

Kabla hatujaanza, binamu alinijia akiikokota baiskeli ya baba. Siku hiyo hakunitania.

"Ndugu yangu, nikikaza mlimani inalia ko, ko, upande wa kulia. Mjomba alikuwa anaifanyaje?"

Nilijua. Pini inayoshika mkono wa pedeli ilikuwa imelika. Baba, kabla ya kupanda na mzigo, alikunja kipande cha bati la kopo, akakipachika pale, akakigonga kwa jiwe. Kazi ya nusu dakika.

"Haina kitu," nikamwambia. "Wewe kanyaga tu."

Tukaondoka vijana saba. Mlima ule una mchanga kwenye kona na mawe katikati, na jua la saa nne lilikuwa limeshakuwa kali. Kwenye kona ya kwanza binamu alinipita akipiga kengele. "Mtani, wasalimie huko nyuma!" Niliumia, wallahi. Nikasimama juu ya pedeli, kifua kinawaka, huku nikisikiliza. Ko. Ko. Kisha mguu wake wa kulia ukazunguka bure, akashuka kwa kuyumba. Nikampita bila kumtazama.

Nilifika wa kwanza. Nikakabidhiwa beberu, nikamshika sikio, nikangoja shangwe. Hakuna! Watu wote walikuwa wamegeukia chini. Binamu alikuwa anapanda mbio, miguu peku, baiskeli ameibeba begani.

"Mbona huikokoti?" mtu akamwuliza.

"Isije ikaharibika zaidi. Ya mjomba hii."

Akina mama wakapiga vigelegele. Shangazi mmoja akalia kabisa: "Marehemu ameacha mtu!" Nami nimesimama pale na beberu wangu anayenikojolea mguuni.

Kesho yake asubuhi binamu akaileta nyumbani. "Wewe ndiye uliyekuwa ukimsaidia mjomba. Hebu nitazamie."

Nikavimba kichwa kwa kuombwa. Kabla sijafikiri nilikuwa nimeshaokota kopo jalalani, nimekata kipande, nimekikunja mara mbili, nimekipachika na kukigonga kwa jiwe. Nikazungusha pedeli. Kimya, inateleza. Nilipoinua macho nikamkuta ananitazama mikono.

"Kumbe ni hivyo tu," akasema.

"Ndiyo."

"Na jana ulikuwa unajua."

Akafuta kiti kwa upindo wa shati, akapanda. "Ahsante, bwana."

Bwana! Tangu tuko watoto hakuwahi kuniita hivyo. Kuanzia siku ile alipita mbele ya nyumba yetu bila kugusa kengele. Tukikutana alinisalimu kwa adabu, akaniuliza hali ya mama na ya shamba, akaenda zake.

Sasa sote wawili ni wazee. Mwaka jana tulikutana harusini, nikaamua kumchokoza mbele za watu: "Mwizi wa baiskeli wee! Lini utanirudishia?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, wakangoja anirudishie maneno.

Akanipa mkono. "Hujambo, bwana," akasema. "Nyumbani hawajambo?"