Sigara ya Nkambo

Nilipokuwa mtoto hapa Likasi, bibi yangu alivuta sigara moto ukiwa ndani ya kinywa. Msishangae. Aliiwasha, akaigeuza, akafumba midomo, akaendelea na kazi. Wanawake wengi wa umri wake walivuta hivyo: mikono yote miwili ilibaki huru kusafisha samaki wa ziwa Tshangalele, na jivu halikuanguka ndani ya beseni. Tulimwita Nkambo, kama watu wa hapa wanavyowaita bibi zao.

Kila pakiti mpya aliifungulia mlangoni. Sigara ya kwanza aliichambua, akamwaga tumbako yake chini kwa ajili ya bankambo, wazee waliotangulia. Ndipo akawasha yake.

"Tumbako ni ya bankambo," alituambia. "Minye niko karibu yabo, banaweza kunigawia. Mutoto akiivuta, batakuya kukamata lulimi yake."

"Bataifanya nini, Nkambo?" niliuliza. Nilikuwa na mdomo mrefu tangu zamani, kwa hiyo jambo lilinihusu.

"Bataimba nayo. Kule banachoka sauti ya bazee."

Kaka yangu Monga alicheka. Alikuwa na miaka kumi na mitano na sauti ambayo hata mimi, mwenye wivu, sikuweza kuisema vibaya. Noeli ile ndiye angeanza wimbo wa Utukufu peke yake, kanisa zima likimsikiliza. Baba, mtu wa maneno machache sana, alikuwa amewaalika wenzake wa kiwandani waje kusikia. Monga aliimba akioga, aliimba akila, mpaka nyumba nzima tukaujua Utukufu kwa lazima.

Mchana wa kuamkia Noeli nilikuwa naanika kanzu yake ya kwaya. Nyuma ya ua nikasikia rafiki zake wawili wamemletea sigara.

"Sauti iko ya malaika," mmoja alisema. "Lakini muanaume? Ah-ah!"

Monga hakutaka kuitwa mtoto, na hakutaka Baba aone moto. Akamkumbuka Nkambo, ambaye moto wake hauonekani. Akaigeuza sigara. Lakini hakuwa na habari kwamba Nkambo alilaza ulimi chini kabisa, na kwamba ufundi ule ulimchukua maisha.

Sauti niliyoisikia haikuwa Utukufu.

Alipita mbio chini ya kanzu yake, mdomo wazi, akatumbukiza uso katika maji ya kwanza aliyoyaona: beseni ambamo Nkambo alilowesha samaki wa chumvi. Hapo ndipo alipolia kweli.

Nkambo alisimama, kisu mkononi. "Yesu wangu! Bankambo banakuya mbio namna hii?" Aliogopa kuliko sisi wote. Kisha akamshika kidevu. "Toa lulimi!"

Katikati ya ulimi palikuwa na duara jeupe, kama kashe, ule muhuri wa ofisi. Nkambo akachungulia, akanusa, akaelewa. Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka kwa samaki.

"Yaya," nikamwambia kaka yangu, "balikupiga kashe!"

Monga alinijibu kitu. Hakuna aliyekielewa, na hapo kicheko kikakatika. Kesho ilikuwa Noeli.

Asali ilipakwa, uji ukapozwa. Asubuhi Monga akajaribu kuimba, akatoa mlio wa mbuzi. Baba alitazama viatu vyake alivyokwisha kung'arisha. Kanisani mwalimu wa kwaya aliuliza, macho yamemtoka, nani mwingine anaujua mwanzo ule. Monga mwenyewe akanisukuma mgongoni.

Niliimba mimi. Niliimba vizuri, sitajifanya mnyenyekevu. Kaka yangu alisimama kando yangu, machozi yanamtiririka, akinionyesha kwa mkono mahali pa kupumua.

Nkambo hakunitazama mimi. Alimtazama yeye. Tuliporudi nyumbani, kabla ya chakula, akaketi mlangoni, akachimba kwa kisu cha samaki, akavunjavunja pakiti nzima ndani ya shimo.

"Kamateni yote," aliwaambia bankambo. "Lulimi ya mutoto, muirudishe."

Hakuvuta tena. Majuma mengi alikuwa mkali kama nyigu. Alitukana kuku, alitukana mvua, karibu amtukane padri. Lakini Pasaka Monga aliimba, na Nkambo alicheza katikati ya kanisa, wenzake Baba wakimpigia makofi, na Baba, kwa mara ya kwanza machoni mwangu, akapiga kelele ya furaha.

Siku hizi wajukuu wangu wanaonyeshwa shuleni picha ya mapafu meusi. Wanaitazama huku wakitafuna karanga. Sawa, waonyeshwe. Lakini mtu wa miaka kumi na mitano ana habari gani na mapafu? Ana rafiki zake, ana mdomo wake, na watu wanaomtazama. Juzi mmoja alinionyesha kile kisigara cha umeme chenye harufu ya matunda. "Haina moto, Nkambo!" Nilimtuma kwa Monga, ambaye ni mzee sasa na bado anaimba, akaombe kuonyeshwa ulimi.

Kama wafu wanachukua ndimi, mimi sijui, nitawauliza nikifika. Ninachojua ni kwamba katika nyumba yetu ya utotoni hakuna mtoto aliyevuta tena. Kwenda shule ilibidi kupita mlango ule, na kila mmoja wetu, hata Monga na miguu yake mirefu, aliruka pale tumbako ilipofukiwa asipakanyage.