Kiti cha Kumi na Tatu

Ilikuwa mwaka themanini na tisa. Hapana, tisini, kwa sababu themanini na tisa karakana za Ohio zilikuwa bado zinanifukuza. Nilikuwa nimechora kiti na nilitaka viti kumi na viwili tu, wenye karakana wakaniambia nirudi nikihitaji mia tano. Ndipo nikampata fundi mmoja wa Kiamishi, wale Wakristo wa huko Marekani wanaoishi bila umeme wala magari, mwenye ndevu hadi kifuani na kidole gumba kilichopinda kwa kushika patasi. Kabla ya kutazama mchoro alitazama nilivyoketi. "Mzee, kiti hiki umeuchorea mgongo wako mwenyewe." Nikakubali. "Basi tutakitengeneza. Huo mgongo umeteseka vya kutosha."

Kila kiti alikipapasa kwa chini, mahali ambapo hakuna atakayepaona, na palipomkwaruza alipiga msasa tena. Kisha alikikalia, akakiegemeza nyuma kwa miguu miwili, akasikiliza kama kinalia. Kwa watu wake kujisifu ni dhambi, hivyo nilipomwambia vimependeza mno alinikemea, "Punguza sauti, Mzee, vitakusikia vivimbe kichwa."

Siku ya kuvichukua nilipakia vyote kumi na viwili, nikifurahi kama bwana harusi. Mkewe, Lovina, akanikaribisha mkate ndani. Pale mezani anapoketi fundi nikakuta kiti kingine cha mchoro wangu uleule. Lovina akacheka, akaficha uso kwa aproni. Fundi akawa mwekundu hadi masikioni, akanisogezea siagi. Hadi leo nangoja anijibu nilichomuuliza: "Fundi, hiki cha kumi na tatu nani alikiagiza?"