Dir na Del

Waliohusika nitawataja kwa vyeo vyao, maana bado wako hai na wanakula vizuri. Wa kwanza ni meneja wa chama chetu cha maziwa, pale Mweiga. Wa pili ni mwalimu wa kompyuta aliyetoka Nairobi, akamfundisha meneja peke yake, akaenda zake.

Mimi nilikuwa mpiga chapa. Nilisoma hadi darasa la saba, taipureta nikajifunzia kazini. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, meneja alisimama nyuma yangu akitaja maneno, mimi nikibonyeza. Nilimuuliza yanatoka wapi.

"Hayatoki mahali, mama. Ni ya mashini. Wewe piga tu."

Asubuhi moja alitaka kuona mafaili yote yaliyomo. Akasema, "Nder, nyota, nukta, nyota."

Sisi wa huku, r na l ni kitu kimoja, na d haitoki mdomoni bila n kuitangulia. Nikapiga del.

"Inauliza kama niko na hakika," nikamwambia.

"Si uiambie ndiyo. Ama unaogopa kioo?"

Nikaiambia ndiyo. Majina ya wafugaji wote yakafutika.

Mwalimu aliitwa tena, na ni wakati huo ndipo alipoeleza. Dir, ambayo kwa Kiingereza husomwa der, ni mkato wa directory, kama kile kitabu cha simu cha posta. Kazi yake kukuonyesha kilichomo. Del ni mkato wa delete, neno lililotoka kwa Kilatini, nalo ni kufuta. Nyota, nukta, nyota ni kusema mafaili yote. Maelezo mafupi hivyo. Nikamuuliza mbona hakutuambia mapema.

"Hamkuuliza."

Niliuliza, lakini kwa mtu ambaye hakutaka kuonekana hajui.

Wa tatu ni mwenyekiti. Mbele ya kamati iliyoniita kujibu kosa, nilimwomba amwambie meneja ayataje yale maneno mawili.

"Nder," meneja akasema. "Na ile ingine, nder."

Walicheka wote. Mjumbe mmoja akasema hata yeye hasikii tofauti. Nikadhani kazi yangu imepona. Mwenyekiti akapangusa machozi ya kicheko, akauliza, "Sawa, lakini kidole ni cha nani?"

Meneja alikaa kwa kile kiti mpaka akastaafu. Mimi nikarudi Tetu kuchuma chai. Siku hizi tukikutana Nyeri ananiambia, "Habari ya siku nyingi, mama." Kumchukia nako kunachosha. Namjibu nzuri, napita.