Mama Wolfgang Wawili

Dada Gaudensia akikasirika hapigi kelele. Anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya kitenge, na wewe uliye mbele yake ujue umekwisha. Mimi ni Ayubu, mtunza ghala wa kampuni ya mbegu hapa Katesh, na kwa miaka tisa nimemwona akiivua mara nyingi. Jumatano ile aliivua asubuhi na hakuirudisha usoni hadi tulipofunga ofisi.

Ni mtu wa Hirbadaw, binti wa mzee Margwe, amesoma mpaka kidato cha nne. Aliingia kampuni kuchambua mbegu, akikaa sakafuni na ungo pamoja na kina mama wengine, wakitoa maharage yaliyotobolewa na wadudu. Siku moja mpiga picha tuliyemkodi hakutokea, meneja akampa kamera, akamwambia ajaribu. Tangu hapo kila msimu anapanda bodaboda kwenda Endasak, Nangwa na kwao Hirbadaw, kumpiga picha kila mkulima akiwa kwenye shamba lake la mbegu. Wala si mtu wa kupiga na kuondoka. Anaingia ndani, anakula makande, anauliza ng'ombe wangapi wamezaa, ndipo anatoa kamera. Ndiyo maana kwenye picha zake watu wanacheka.

Picha hizo zote alikuwa akiziweka kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kampuni. Kila kijiji kilikuwa na folda yake, na kila picha ilibeba jina la mwenye shamba kama anavyoitwa na majirani, kisha zao na mwaka. Mama Evarist, mahindi, 2019. Mama Agatha, maharage, 2021. Huku kwetu mwanamke akishazaa anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na ukimwita kwa jina lake la ubatizo, tena amekuzidi umri, watu watakuuliza umelelewa wapi.

Mwaka huu meneja akaamua tuhame. Alichoka kutafuta picha moja nusu siku nzima kila mnunuzi anapoiomba. Akaleta mfumo mpya wa kusimamia picha na video, ambao kila picha inakuwa na kadi yake: huyu ni nani, wapi, zao gani, aliruhusu itumike au la. Wazo lilikuwa zuri, sikatai. Hata Gaudensia alilifurahia.

Kazi ya kuhamisha akapewa mtaalamu kutoka Arusha, anaitwa Herman. Alikaa ofisini kwetu siku tatu, masikio yamezibwa na spika za masikioni, na hakumuuliza mtu swali hata moja. Gaudensia ndiye aliyemfuata.

"Kaka Herman, folda za vijiji zitabaki?"

"Mfumo huu hauhitaji folda, mama. Unaandika jina, picha inakuja."

"Na majina yakifanana?"

"Mfumo una akili," akajibu, macho kwenye kompyuta.

Akili! Alichofanya ni kumwaga picha za vijiji vyote kwenye chungu kimoja, akaiamuru mashine kwamba ikikuta majina mawili yanafanana, ibakize picha ya karibuni na kuitupa ya zamani. Kwake yeye majina yakifanana maana yake ni picha moja iliyohifadhiwa mara mbili. Alipomaliza akafuta kila kitu kule kwenye hifadhi ya zamani, akaifunga akaunti, akaaga. Sisi tulimpigia makofi. Mimi pia nilipiga, na najichukia kwa hilo.

Jumatano ile akaja Mama Wolfgang wa Endasak. Mwanaye wa pekee alikufa mwaka jana kwa ajali ya pikipiki kwenye mteremko, na simu yake yenye picha zote ikasagika papo hapo. Picha pekee iliyobaki duniani ilikuwa ile aliyoipiga Gaudensia: mama na mwana katikati ya maharage, mwana amemwekea mama kofia yake kichwani. Jumamosi ilikuwa misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Pale msibani Gaudensia alikuwa amemwahidi kumsafishia hiyo picha, kubwa, ya kuwekwa kwenye fremu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeifuata ile picha."

Gaudensia akamvutia kiti, akaandika: Mama Wolfgang, maharage, 2022. Picha ikaja mara moja, kama tulivyoahidiwa. Mwanamke mnene amesimama peke yake, nyuma yake ng'ombe wawili.

"Huyu si mimi," mama akasema.

Alikuwa Mama Wolfgang wa Nangwa. Gaudensia akatafuta tena, akatafuta kwa kijiji, akatafuta kwa tarehe. Kadi ya kamera huwa anaifuta kila msimu, kwa hiyo huko nako hakukuwa na kitu. Ndipo miwani ikavuliwa. Akampigia Herman, simu ikiwa kwenye spika.

"Hizo zilikuwa nakala, dada," Herman akasema.

"Nakala ya nani? Huyu mama aliyekaa hapa mbele yangu ni nakala ya nani?"

"Mngetumia majina kamili ya kwenye kitambulisho. Na ile akaunti nilishaifuta, haifunguki tena."

Meneja akatoka chumbani kwake kuuliza kuna nini. Alipoelezwa akasema, "Basi tutapiga nyingine." Nilitamani kumtwanga. Apige nyingine ya nani, wakati mwenyewe yuko kaburini? Akarudi ndani na kufunga mlango.

Mama akageuza kiti kumwelekea Gaudensia. Kisha akauliza, "Kwa hiyo shida ni jina?"

"Ndiyo, mama."

"Naitwa Bernadina Akonaay. Miaka yote hiyo umekula kwangu. Hujawahi kuniuliza."

Hasira zote tulizokuwa tumezielekeza Arusha zilitugeukia wenyewe. Heshima yetu ile nzuri ya kumwita mtu kwa mwanaye ndiyo iliyompa Herman njia.

Gaudensia akafungua kadi mpya, akaandika jina kamili, kijiji, zao. Akabonyeza kuhifadhi, mfumo ukakataa: weka picha kwanza. Akabonyeza tena, ukakataa tena. Akainuka, akachukua kamera mezani.

Bernadina akaiziba kwa kiganja. "Nimekuja kuchukua picha. Sikuja kuacha."

Akajifunga kitenge vizuri, akatoka. Nikamkimbilia kumfungulia geti, na kwa jinsi nilivyochanganyikiwa ulimi ukatoka kwa mazoea: "Safari njema, Mama Wolfgang."

Nikashika mdomo. Yeye akasimama, akanitazama moja kwa moja usoni.

"Hilo bado hamjalifuta," akasema, akapanda bodaboda.